Kinyozi Aliyetamani Nchi Kavu

Horace Wadlow hakuwahi kuitamani bahari, na bahari, kusema haki, haikuwahi kumtamani yeye. Alizaliwa Kettering, mji wa washona viatu ulio katikati ya Uingereza, mbali na maji yoyote yanayozidi kina cha beseni. Alioa binti wa kinyozi, akaachiwa na mkwewe kiti cha kinyozi, na miaka yote ya amani akaishi maisha aliyoyaona kuwa kilele cha ustaarabu: kusimama nyuma ya wanaume walioketi, kuwashika masikio, na kuwaeleza mambo wasiyouliza.

Vita na Wajerumani vilipozuka, karani wa kuandikisha watu alimwuliza anataka jeshi lipi. Mkwewe, aliyelala kwenye mahandaki ya Ufaransa katika vita vile vya kwanza na kurudi na kikohozi kisichopona, alikuwa amekwisha kumpa wosia: "Nenda majini, mwanangu. Baharia hulala pakavu."

Kwa wosia huo Wadlow akajikuta ndani ya Harkstead, manowari kuukuu iliyoundwa kwa ajili ya vita vya mkwewe, mkebe wa bati wenye mizinga. Kazi ya manowari hiyo ilikuwa kusindikiza misafara ya meli za mizigo kati ya Derry, kule Ayalandi ya Kaskazini, na Halifax ya Kanada, nenda rudi, ikiizunguka kama mbwa anavyozunguka kondoo, ila mbwa walau hunusa fisi alipo. Katika chumba walicholala mabaharia maji yalidondoka kutoka darini, yakatiririka ukutani, yakatembea sakafuni yakiwa yamebeba soksi za watu. Machela ya kuning'inia aliyolalia Wadlow haikupata kukauka tangu alipoifungua mara ya kwanza. Alimwandikia mkwewe barua ya matusi, lakini mkaguzi wa barua akaifuta yote isipokuwa salamu.

Kwa kuwa alikuwa na wembe na mkasi wake, alifanywa kinyozi wa manowari. Kengele ya hatari ilipolia, alikimbilia chumba cha usukani, akashika mkono wa shaba uliowaambia watu wa injini waende kasi au polepole. Tumbili angefundishwa kazi hiyo kwa asubuhi moja, ila tumbili angedai chakula bora.

Katika watu wa chini, mkubwa kwa cheo na kwa kiwiliwili alikuwa Mzee Trenoweth, mshika usukani mkuu, mtu wa Cornwall. Ndevu zake zilianzia chini ya macho na kukomea kwenye kifungo cha pili cha koti. Alianza kuzifuga siku Harkstead ilipopewa kazi ya misafara, na tangu siku hiyo manowari haikupoteza hata mtu mmoja. Meli ilizopewa kuzilinda zilizama, naam, na watu wake wakafa kwa moto na kwa baridi mbele ya macho ya walinzi wao. Lakini hao walikuwa watu wa meli nyingine, hawakuingizwa kwenye hesabu ya ndevu. Mabaharia wakakata shauri kwamba zile ndevu ndizo ngao yao. Ikawa desturi: kabla ya kung'oa nanga, kila mtu azipapase mara moja. Na kwa kuwa Mzee Trenoweth ndiye pia aliyewagawia watu ramu yao, pombe kali ya saa sita mchana, hakuona haya kutoza ada, funda moja la ramu yako kwa mpapaso mmoja. Siku ya safari Mzee hakuweza kutofautisha nanga na kijiko. Hata hivyo aliitoa manowari bandarini bila kukwaruza gati, jambo lililozidi kuthibitisha nguvu za ndevu.

Wadlow alizidharau kuliko mtu yeyote, na alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyezipunguza ncha, naye alijua wakazi wake: mbaazi za supu ya juzi, tumbaku, makombo ya biskuti, na safari moja kifungo cha shati la mtu asiyejulikana. "Hii si ngao," alizoea kusema, "hili ni ghala." Lakini naye alizipapasa kila safari, akijifanya anatafuta mahali pa kukata.

Ndipo akaja nahodha mpya.

Luteni-Kamanda Peregrine Astley-Crewe alitoka katika ofisi moja ya London, ambako alikuwa amepigana vita vikali na wino. Alipofika Derry akaona kwamba manahodha wote wa misafara wana ndevu, na kwamba wanawake wa mjini huwageukia. Akajipa ruhusa ya kufuga. Zikaota chache kidevuni, chache chini ya sikio la kushoto, na katikati pakabaki weupe, kama shamba la mahindi lililopandwa juu ya mwamba. Safari nzima ya kwenda Halifax watu walimpigia saluti huku wameuma midomo. Siku moja akatoka chumbani mwake uso mtupu, macho mekundu, na kuanzia hapo ndevu zikawa adui kuliko Wajerumani.

Jeshi la majini la Mfalme lina sheria zake katika jambo hili. Baharia hafugi kwa kupenda kwake. Huomba ruhusa ya kuacha kunyoa. Hupewa wiki chache. Kisha husimama mbele ya nahodha, kofia mkononi, naye nahodha humkagua kama mnunuzi wa mbuzi mnadani na kutoa hukumu: zimeshiba, au hazikushiba. Zisiposhiba, wembe. Masharubu peke yake ni marufuku. Ama uso wote uwe msitu, ama uwe uwanja. Astley-Crewe akatangaza kwamba ruhusa zote zilizotolewa na nahodha aliyemtangulia zimekufa, na kila mwenye ndevu aje akaguliwe upya. Msafara ulikuwa umetoka Halifax, nyambizi za Wajerumani zimejaa baharini kama papa walionusa damu, na nahodha wa Harkstead alikuwa akipima videvu.

Hakuna ambaye zake zilionekana zimeshiba. Ilipofika zamu ya Mzee Trenoweth, hata nahodha aliona aibu kusema hazikushiba. Akasema zimezidi.

"Zitakuja kunasa kwenye usukani," alisema. "Ondoa."

"Afande, nimekuwa nazo misafara yote. Mkono wangu huu hautashika wembe huo."

"Basi shingo yako itashikwa na mkono wa mwingine. Si tuna kinyozi?"

Siku ile ile Wadlow akaitwa chumbani kwa nahodha. Alikuwa na ombi la siku nyingi, tangu alipotapika mara ya kwanza: kambi ya Devonport, ambako vijana wapya hunyolewa kwa makundi, ilikuwa ikitafuta kinyozi. Nchi kavu. Kitanda chenye miguu minne. Kilichokosekana ni neno la nahodha tu.

"Wadlow, bado unaitaka Devonport?"

"Nikilala naiota, afande. Nikiamka ndiyo usiseme."

"Kesho saa sita, wakati wa ramu, mbele ya watu wote, mnyoe Trenoweth. Uso ung'ae. Tukifika Derry unashuka."

"Na... nikishindwa, afande?"

"Utazeekea humu."

Habari ilifika chini kabla Wadlow hajafika. Fogarty alikuwa akimsubiri. Fogarty alikuwa mtu wa injini, mtoto wa bandari ya Liverpool, mwenye mdomo ulionolewa kupita wembe wowote.

"Karibu, muuaji," alisema. "Kaa hapa tukuage."

"Ni amri, Fogarty. Mtu akiamriwa afanye nini?"

"Hata kunya ni lazima, kinyozi, lakini mtu huangalia kwanza ameketi wapi."

"Zile ni nywele tu, bwana! Mimi nazijua. Zina mbaazi ndani!"

"Mimi nimezilipia ramu yangu misafara yote hii, na niko hai. Wewe unayo dawa nyingine?" Wenzake wakaguna kumuunga mkono. "Sikia, mwana wa Kettering. Maji ya hapa yana baridi. Mtu akidondoka hudumu kiasi cha kuyataja majina ya wanawe. Wewe unaye mmoja tu, sivyo? Basi hutachelewa."

"Utanitupa baharini kwa sababu ya ndevu za mtu?"

"Mimi? Mungu apishe mbali! Utateleza. Meli hii ina utelezi sana."

Wadlow akapanda machela yake yenye maji akawaza. Akinyoa, huenda asifike Derry. Asiponyoa, atafika Derry na Halifax na Derry tena hadi siku moja asifike kokote. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji; hawakusema afanyeje mwenye kushika wembe. Akauliza tumbo lake, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimwongoza maisha yote. Tumbo likasema Devonport.

Kesho yake, saa sita, Mzee Trenoweth aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa nyuma ya bomba la moshi, mahali penye kinga kidogo na upepo. Alivaa koti lake la heshima. Alikuwa amejimiminia ramu ya kwake na ya watu wengine watatu waliomhurumia, na alinuka kama keki ya Krismasi iliyolowekwa pombe. Mabaharia walisimama kimya, kofia mkononi, kana kwamba anazikwa. Nahodha alikuwa juu kwenye jukwaa lake, akijifanya anatazama upeo wa bahari.

"Samahani, Mzee," Wadlow akanong'ona akimpaka povu.

"Nyamaza ufanye kazi. Mama yangu alisema nitauawa na mtu wa bara."

"Inua kidevu kidogo, Mzee. Hivyo. Unajua, ngozi ya chini huku itakushukuru, maana nywele nyingi hivi huziba..."

"Ukinieleza habari za ngozi nitakung'ata."

Manowari ikapanda wimbi na kushuka, na wembe ukashuka nayo. Shavu la kulia likaanza kuonekana, jekundu, laini, lenye kibonde cha kitoto ambacho hakuna aliyepata kukiota. Baharia mmoja akageuka akajipigia msalaba. Nusu nzima ya uso ilikuwa wazi, nusu ya pili imejaa povu hadi kwenye jicho, kengele ya hatari ilipolia.

Wote wakatawanyika. Mzee Trenoweth akakurupuka na taulo shingoni, akakimbilia usukani, na Wadlow nyuma yake, wembe bado mkononi, kwa kuwa hakujua pa kuuweka. Wakaingia. Mzee akakamata gurudumu. Povu lilikuwa limemwingia machoni na alikuwa akilia kama mjane.

"Naungua! Sabuni gani hii, shetani wewe?"

"Ya jeshi, Mzee!"

Sauti ya nahodha ikashuka kwenye bomba la kusemea lililotoka jukwaani, nyembamba kwa hofu. "Topido! Topido! Kushoto kabisa!"

"Kushoto kabisa, afande!" Mzee akaitikia kwa sauti ya miaka thelathini ya utii, akafuta jicho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akazungusha gurudumu lote kulia.

Wadlow aliona. Alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, halikutoka neno.

Harkstead ikalala upande, vikombe vikaruka. Juu nahodha akapiga yowe: "Kushoto, ng'ombe wewe! Kush..." Kupitia kijidirisha Wadlow akauona mstari mweupe wa topido ukija, ukinyooka sambamba na ubavu wa manowari, karibu kiasi cha kutemea mate, ukapita. Kama wangekwenda kushoto wangeupokea katikati ya tumbo, palepale wanapokaa watu wa injini.

Bomba likakohoa. "Vizuri, usukani," ikasema sauti ya nahodha. "Hivyo hivyo nilivyotaka."

Nje watu walishangilia, wakarusha kofia. Topido haikushangilia wala haikuchoka. Iliendelea na safari yake hadi ndani ya msafara, ikaikuta meli moja ya ngano iliyokuwa ikijikokota nyuma ya nyingine. Mlio ulifika kwa kuchelewa, mzito, kama mlango wa ghala unaofungwa. Harkstead ikamwaga mabomu yake baharini, ikaua samaki wengi sana, na nyambizi ikaenda zake. Wadlow aliitazama meli ya ngano ikiinama, na watu wadogo wakiruka kutoka upande ulioinuka. Aliwaonea huruma, kwa kweli aliwaonea, mpaka alipokumbuka kwamba Derry haiko mbali tena.

Chini, mabaharia walikuwa wamegawanyika. Kundi moja lilisema wameokolewa na nusu ya ndevu iliyobaki. La pili likasema hapana, kilichookoa ni nusu iliyonyolewa, kwa kuwa bahari ilitaka sadaka. Walikaribia kutwangana. Fogarty, aliyekuwa kwenye injini usawa wa pale topido ingeingia, alikuja akamkumbatia Wadlow.

"Ndugu yangu! Na mimi nilikuwa nimekwisha kukuchagulia mahali pa kuteleza!"

Jioni ile nahodha akamwita Mzee Trenoweth. Walikaa kitambo. Mzee akatoka na nusu ya uso wake, ananukia ramu ya maofisa, tofauti kabisa na ile ya watu wa chini, na ikatangazwa kwamba amepewa ruhusa maalumu ya kuacha kunyoa. Ikatangazwa vilevile kwamba nahodha, kwa wepesi wa akili, amekwepa topido, na kwamba taarifa yake imekwishaandikwa. Waliokuwa karibu naye jukwaani walikuwa maofisa wake, watu waliofunzwa tangu shule kutosikia mambo.

Wadlow akaingiwa na wasiwasi. Mzee ameuza nini mle ndani? Je, amesema ni nani mwingine aliyekuwa chumba cha usukani? Hakujua kwamba nahodha hakuwa na habari hata kidogo na mtu wa mkono wa shaba. Kwa Astley-Crewe watu wa chini walikuwa sauti kwenye bomba, na bomba lile lilikuwa na sauti moja tu.

Asubuhi akaitwa. Nahodha alikuwa akitabasamu, jambo lililoufanya uso wake uonekane kama umeazimwa.

"Wadlow. Kazi ulifanya nusu, lakini si kosa lako. Mimi ni mtu wa neno langu. Derry unashuka."

"Asante, afande! Mungu akuzidishie!"

"Basi. Nenda."

Hapo ndipo mtu yeyote mwenye akili ya kuku angekwenda. Mlango ulikuwa wazi. Lakini nahodha alikuwa ameketi na Wadlow amesimama, na kukawa na kimya. Na maisha yake yote, palipokuwa na mtu aliyeketi na kimya, Horace Wadlow alikuwa amelipwa kukijaza.

"Na kwa upande wangu, afande, usiwe na shaka. Mimi sikusikia kitu kule chini."

"Kitu gani?"

"Ndiyo hivyo, afande. Hakuna kitu. Hata ile 'kushoto' sikuisikia."

Tabasamu likarudi lilikoazimwa.

"Ulikuwa chumba cha usukani?"

"Nilikuwapo, afande, lakini ni kama sikuwapo. Nami si mtu wa maneno. Pale Kettering nimewanyoa madiwani, wachungaji, wake za watu wamenisimulia mambo... mke wa mwoka mikate, kwa mfano, yule na mpiga kinanda wa kanisa, mimi mpaka leo sijamwambia mtu."

Nahodha akamtazama. Mbele ya macho yake akaiona kambi ya Devonport, viti vimepangwa, manahodha na maadmirali wameinamisha vichwa, na nyuma yao huyu mtu, ameshika mkasi, haambii mtu.

"Wadlow," alisema polepole, "nimefikiri upya. Mtu kama wewe Harkstead haiwezi kumwacha."

"Afande, lakini neno lako..."

"Nakupandisha cheo."

"Sikitaki, afande! Bahari hunitapisha, nimeoa, nina..."

"Na nakupa ruhusa ya kufuga ndevu ukipenda. Toka."

Hivyo ndivyo Horace Wadlow alivyopata mkanda mmoja mwekundu begani, na akakaa ndani ya Harkstead hadi vita vikaisha, akitapika katika kila msafara wa kwenda na wa kurudi, wakati Astley-Crewe, aliyepewa nishani kwa wepesi wa akili, alihamishiwa ofisini London kabla ya Pasaka. Alipoondoka hakumwambia nahodha aliyefuata neno lolote jema juu ya kinyozi wake. Hakumkumbuka.

Lakini kambi ya Devonport ilikuwa imekwisha kuahidiwa kinyozi, na jeshi la majini halivunji ahadi, hubadilisha tu kinyozi. Pale Derry nahodha aliuliza mbele ya gwaride nani mwingine anaweza kunyoa. Fogarty alikuwa amepiga hatua mbele kabla swali halijaisha.

"Mimi, afande. Nilikuwa nawakata manyoya kondoo wa mjomba."

"Inatosha."

Siku Harkstead ilipokuwa ikifungua kamba kwenda kuchukua msafara mwingine, Fogarty alisimama gatini na mfuko wake begani, mkavu, anatafuna tofaa, akisubiri treni. Wadlow alikuwa ameegemea ubavu wa meli, uso umekwisha kugeuka kijani kabla bahari haijaanza. Maji yakatanuka kati yao.

"We kinyozi!" Fogarty akapaza sauti, mikono kinywani. "Hivi mkasi hushikwa mkono gani?"

Wadlow akainama juu ya maji akaanza kumweleza, kwanza dole gumba, kisha kiwiko, kisha namna ya kumshika mteja sikio bila kumuudhi, na alikuwa bado anaeleza wakati gati halionekani tena.